Bei ya Kuosha Nyumba ya Mchikichi

Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo
Dar es Salaam
12 Juni 1994

Mama Euphrasia,

Mimi mzima na nyumba nzima. Naanza na hayo ili usipate tabu ya kuuliza, maana barua yako ya mwezi wa nne ilikuwa na mistari saba, nimeihesabu, na hakuna hata mmoja ulioniuliza hali. Masika yamekwisha. Mvua ilinyesha mpaka redio ikatangaza Jangwani hapapitiki, lakini humu ndani halikuingia tone. Kuna watu mtaa huu walilala na ndoo kitandani. Mimi nililala na redio yangu.

Sasa sikiliza jambo. Jirani yetu Benjamini ameosha nyumba yake.

Usicheke. Sisemi amefagia baraza. Ameosha nyumba kwa nje, kuta, kama wewe unavyoosha sufuria. Jumanne asubuhi kaja kijana wa Kihindi wa Upanga, anaitwa Manan, na pikapu, mafundi wawili na mashine ya petroli inayonguruma kuliko ya kusaga. Nyuma yake boza la maji. Boza zima, mke wangu, la kuosha ukuta, na sisi hapa bomba linatoa matone siku moja kwa wiki. Wakachomeka mpira wenye pua ya chuma, maji yakatoka yamenyooka kama fimbo. Yakigusa ukuta, koga linakimbia. Lile jeusi la masika, na masizi, na moshi wa magari ya Msimbazi, vyote vikashuka chini kama chai. Ilipofika saa sita nyumba ilikuwa nyeupe mpaka inaumiza macho. Watu walijaa. Wachukuzi waliweka magunia chini wakatazama, machinga mmoja akauza soda kreti nzima pale pale.

Na yeye Benjamini kasimama barazani kavaa shati jipya la dukani. Fundi cherehani huyo, kanunua shati la dukani. Mgane wa miaka sitini na tano, yuko peke yake tangu mkewe Klara afariki, anaosha ukuta ili aonwe na nani? Nikamuuliza bei. Akacheka, akasema, "Aa, Zakayo, hii wewe achana nayo." Mbele ya watu.

Sasa nakuuliza na nataka jibu lililonyooka. Nani alimwambia Benjamini kwamba unarudi mwezi wa nane? Maana anajua, alimwambia muuza kahawa. Mimi sikumwambia. Mimi hata salamu yake naipokea kwa kichwa tu. Yule alipeleka posa kwenu mwaka hamsini na tisa kabla yangu, babako akamrudishia, mimi sijasahau na yeye hajasahau. Ukishuka kwenye teksi na mizigo yako utaona nini kwanza? Nyeupe ile. Halafu ndiyo ugeuke unione mimi na koga langu.

Haiwezekani. Nyumba yangu ndiyo nyumba ya mawe ya kwanza upande huu wa mtaa, kila mtu anajua, niliijenga mimi wakati Benjamini bado anapanga chumba mtaa wa Gerezani na kushona suruali za watu wengine. Haiwezi kuwa nyeusi, ya kwake iwe nyeupe.

Nijibu upesi.

Mumeo,
Zakayo Namangaya
Mwenye nyumba

*

Mwena, Ndanda
27 Juni 1994

Baba Euphrasia,

Barua yako imeletwa na dereva wa lori la misheni. Nashukuru.

Benjamini aliniandikia mara moja, mwezi wa pili, rambirambi za mama. Nikamjibu kumshukuru, nikamwambia nikijaliwa nitarudi baada ya sikukuu ya Bikira Maria ya mwezi wa nane. Basi. Wewe hukuandika rambirambi. Uliandika kwamba umepaka mlango rangi.

Na nilisema nikijaliwa. Sikusema nakuja. Unajua ninachongoja, lakini kwa kuwa unapenda kusahau, nakuandikia.

Siku ya kipaimara cha mjukuu wetu Anselmi mwaka jana, kabla sijaja huku, ulisimama na chupa ya soda mbele ya padri na wageni, ukasema nyumba hii uliijenga peke yako, kwa mawe, na mimi niliikuta tayari, nikaingia na sufuria moja. Nilikuwa mlangoni nimeshika sinia la pilau. Watu wakapiga makofi. Benjamini ndiye hakupiga, alisema taratibu, "Si Severa alikuwa anachota maji ya udongo kule Mnazi Mmoja?" ukamjia juu, anajuaje mke wako alichota maji wapi. Ikawa ugomvi wa wanaume. Mimi hakuna aliyenitazama.

Kuhusu mawe, waambie watu unavyotaka, nimeshazoea. Lakini mwaka sitini na tatu nilikuwa na mimba ya Euphrasia miezi sita. Wewe ulikuwa bandarini unabeba magunia, unarudi jioni umechoka. Boriti na fito walisimamisha wajomba zangu. Udongo nilichimba mimi, nikaloweka mimi, nikakanyaga mimi, na kuta zote nne nikakandika kwa mikono hii. Lipu ya saruji ulikuja kuipiga miaka mitano baadaye, na tangu siku ile ndani ya kichwa chako nyumba ikageuka mawe.

Sitaki zawadi. Nataka uniandikie neno la kweli juu ya hilo, halafu ulirudie barazani. Nikilipata napanda basi. Nisipolipata, huku kuna shamba la mama na kuku wake.

Na mashine ya maji usiilete kwenye ukuta ule. Unajua kilichomo ndani.

Severa

*

Mchikichi, Kariakoo
4 Julai 1994

Kwa Bwana Manan, muosha nyumba, Upanga

Mimi ni Mzee Zakayo Namangaya wa Mchikichi, nyumba inayopakana na ile ya Benjamini fundi cherehani uliyoiosha mwezi jana. Uliniona. Ndimi yule mzee mrefu aliyesimama ng'ambo na kofia, hakuuliza chochote.

Nataka kujua bei ya kuosha nyumba. Mimi si mtu wa kuuliza uliza bei, nimefanya kazi bandarini miaka ishirini na minane, winchi zote zilinijua, lakini siku hizi kila kitu ruksa na kila mtu anajipangia bei yake, ndiyo maana nauliza. Niandikie kwa karatasi, kila kitu na bei yake, usinitajie kwa mdomo halafu ukaja kubadilisha. Na uniandikie Benjamini alilipa ngapi.

Z. Namangaya
Mwenye nyumba

*

Upanga
6 Julai 1994

Mzee wangu Zakayo,

Shikamoo. Nimepokea barua yako, asante kwa kutukumbuka. Jana nilipita na fundi wangu, tukaipima nyumba kwa hatua kutoka nje, sikutaka kukusumbua mchana umepumzika.

Bei yetu iko hivi. Upande wa mbele peke yake, nyumba ya vyumba sita, ni shilingi elfu saba na mia tano. Pande zote nne ni elfu ishirini na sita. Wazee wengi wanashtuka, kwa hiyo naeleza. Boza la maji ni elfu sita, na nyumba kama yako inamaliza boza moja na robo. Petroli ya mashine, dawa ya kuua koga ili lisirudi kabla ya vuli, mafundi wawili, ngazi, na usafiri kutoka Upanga. Mashine yenyewe nilimwagizia mjomba wangu Dubai na bado nailipa. Uchochoro wako wa kushoto ni mwembamba, fundi atapita ubavu ubavu, lakini hilo sikuongezei. Ghorofa za huku kwetu Upanga tunaosha kwa elfu sitini na kuendelea.

Bei ya Mzee Benjamini ni siri ya mteja, unisamehe.

Jambo moja muhimu. Maji haya yana nguvu, yanaweza kung'oa. Kabla hatujaja lazima nijue ukuta ni wa nini. Tafadhali weka alama mahali pamoja hapa chini, utie sahihi, uirudishe karatasi hii.

Mawe ( )
Tofali za saruji ( )
Tofali za kuchoma ( )
Udongo na miti ( )

Ya udongo hatuoshi, hata mteja akilipa mara mbili. Kwa nyumba kama hiyo tunashauri brashi, sabuni na chokaa, haifiki elfu tatu.

Kijana wako,
Manan Tulsidas

*

Mchikichi
8 Julai 1994

Bwana Manan,

Marahaba.

Karatasi yako nimeirudisha. Alama nimeweka kwenye mawe, na nimeikoza kwa kalamu mara mbili ili usiseme hukuiona. Mtu aliyekueleza habari ya udongo na miti hajui mtaa huu.

Bei ya Benjamini nimeipata, si siri tena, muuza kahawa anaijua. Mbele na ubavu wa kulia, elfu kumi na nne. Kwa hiyo yeye aliosha nusu tu. Nusu, na akavaa shati jipya. Mimi nataka pande zote nne, na nitakulipa elfu ishirini na saba, hiyo elfu moja ya juu si zawadi, nataka mafundi watatu. Risiti uiandike kwa herufi kubwa.

Uje Jumamosi ya wiki ijayo, saa nne asubuhi. Usije alfajiri kama mwizi. Saa nne Kariakoo nzima iko barabarani, na Benjamini anakuwa ameshatoka kunywa chai, yuko barazani.

Pesa taslimu ninazo.

Z. Namangaya
Mwenye nyumba

*

Upanga
17 Julai 1994

Mzee wangu Zakayo,

Shikamoo. Jana hatukuweza kuongea vizuri, umati ulikuwa mkubwa na wewe ulikuwa umeingia ndani ukafunga mlango, nikagonga hukufungua. Naandika ili mambo yakae wazi kati yetu.

Mwanzo ulikwenda vizuri, koga lilitoka. Tulipofika juu ya dirisha la chumba cha mbele, fundi wangu aliona lipu imevimba kama chapati. Alizima mashine akanitazama. Mimi nilikuuliza mbele ya watu, "Mzee, ndani kuna nini?" Ukasimama barazani ukasema, "Endelea, ndani ni mawe." Nikakuuliza mara ya pili. Ukasema, "Unaogopa nini, kijana, nimejenga mimi." Basi akawasha. Lipu ikaanguka kipande kimoja, kuanzia dirishani mpaka mlangoni, ukubwa wa kitanda, na nyingine ikafuata. Ndani ukaonekana udongo, na juu kidogo fito. Nilipiga kelele wazime, lakini ukuta wa mbele ulikuwa umeshabaki wazi robo tatu.

Mzee, karatasi yenye alama yako ninayo. Sitaki kuitoa kwa mtu. Nakurudishia elfu kumi na tatu, hiyo ni karibu nusu ya ulizonilipa, boza na petroli siwezi kuvirudisha. Ukuta ufunike na turubai, vuli isiukute hivyo.

Mama yangu, Jaya, anakusalimu. Anasema baba yake naye alikuwa na nyumba ya udongo, Lindi, na aliipenda.

Manan

*

Mchikichi
18 Julai 1994

Mama Euphrasia,

Habari za siku. Mimi mzima. Nyumba ipo.

Nimeona nikuandikie mapema kwamba mwezi wa nane usije. Mabasi ya Kusini hayaaminiki, mwaka huu kuna vumbi jingi, na kivuko cha Rufiji nasikia kinasumbua. Pumzika huko. Kuku wa marehemu wanahitaji mtu. Hata Krismasi si mbali, au Pasaka.

Usinifikirie. Waridi, yule mpangaji wa chumba cha mbele anayeuza vitumbua, ananiletea uji kila asubuhi na kunifagilia baraza, kwa hiyo sina shida yoyote.

Redio iko kwa fundi.

Zakayo

*

Mwena, Ndanda
1 Agosti 1994

Baba Euphrasia,

Miezi minane unaniandikia nirudi, nirudi, mtu akinunua shati unaniuliza mimi. Leo unaniambia nisije mpaka Pasaka. Mimi ni mtu mzima, najua kusoma.

Waridi ana miaka mingapi sasa, thelathini na mbili? Huo uji ni wa ulezi au wa mchele? Mimi nilikuchemshia uji miaka thelathini na mitano na hukuwahi kuandika popote kwamba huna shida yoyote. Na redio yako, ambayo hata mgonjwa humpi ashike, iko kwa fundi gani? Au imehamia chumba cha mbele?

Kitu kimoja ndicho kilinifanya nisome barua mara tatu. Chini hukuandika mwenye nyumba. Umeandika Zakayo tu. Tangu nikujue hujawahi kutia sahihi bila hayo maneno, hata kwenye daftari la sadaka kanisani.

Sasa niambie kilichotokea. Kama ni mwanamke, niandikie jina lake vizuri. Kama si mwanamke, niandikie ni nini. Nikikaa kimya mpaka katikati ya mwezi bila jibu, nitamwandikia Benjamini anieleze, na nitayaamini atakayoniambia.

Severa

*

Mchikichi
7 Agosti 1994

Severa,

Benjamini usimwandikie. Nakuandikia mimi, mwenyewe, na kalamu imenitoa jasho tangu asubuhi.

Hakuna mwanamke. Waridi analeta uji kwa sababu ana huruma, na sasa amehamia chumba cha nyuma kwa sababu cha mbele hakina ukuta wa maana. Redio niliiuza Mtaa wa Kongo, elfu ishirini, nikaongeza za kodi ya wapangaji. Nililipa elfu ishirini na saba kuosha nyumba. Ulinikataza nikaosha. Yule kijana aliniandikia udongo hawaoshi, nikaweka alama kwenye mawe. Akaniuliza mara mbili barazani, mtaa mzima umesimama, Benjamini kasimama na kikombe chake cha chai, mimi ningesemaje? Nikasema endelea. Lipu ya mbele karibu yote imeanguka.

Nilijifungia ndani siku mbili. Nilijua nje wanacheka. Miaka ishirini na sita nimewaambia mawe. Kuna mtu nilimpiga kofi mwaka sabini na mbili kwa kusema si mawe, nikafikiria labda nimtafute, kumbe amekufa.

Siku ya tatu nilitoka kwa sababu ya njaa. Nje kulikuwa na watu, lakini hawakuwa wanacheka. Walikuwa wamesogea wanashika ukuta. Nikasogea na mimi, maana ni ukuta wangu, na mimi huo udongo sikuwahi kuutazama kwa karibu, nilipoondoka asubuhi haukuwepo na niliporudi jioni kulikuwa giza. Severa, ukuta wote una vidole. Vidole vinne vinne, vimeshuka kutoka juu mpaka chini, safu kwa safu, ulivyoukwaruza ukiwa mbichi. Na pembeni ya kila safu kuna mstari mmoja umekwenda upande, haufuati wenzake. Kile kidole chako kidogo cha kulia, kilichopinda utotoni kwa kinu. Kipo kila mahali. Juu ya dirisha kipo, sijui ulipandia nini huko na mimba ile.

Ukuta wenyewe haukuumia, umechubuka kidogo tu chini karibu na mlango. Maji yale yaling'oa saruji yangu, udongo wako yaliulowesha tu, na walipozima ukakauka. Fundi wa Manan mwenyewe kasema hajaona ukuta kama huu.

Mama mmoja anayeuza mchicha akauliza, "Hapa alikandika nani? Mkono mdogo kama wa mtoto." Benjamini alikuwa karibu yangu. Akafungua mdomo akasema, "Hicho kidole si cha..." Nikamwambia nyamaza. Nikamuuliza anakijuaje kidole cha mke wangu. Akasema, "Zakayo, nimempima magauni miaka thelathini, unataka nisikijue?" Nilitaka kumshika shati. Lakini nikaona nikigombana naye tena, yule mama hatajibiwa, kama siku ile ya kipaimara. Basi nikamgeukia nikasema, kwa sauti, wewe unaijua sauti yangu, hata wa Mtaa wa Sikukuu walisikia. Nikasema, "Alikandika mke wangu, Severa. Nyumba hii ni ya udongo, na aliijenga yeye, akiwa na mimba. Mimi nilinunua misumari."

Hakuna aliyepiga makofi. Yule mama akasema, "Ee, kweli mkono upo," akanyanyua mchicha wake akaenda.

Hilo ndilo neno ulilotaka na nimelisema kabla ya kuliandika. Kama halitoshi, niambie niongeze nini.

Sasa ya Benjamini. Baadaye alinifuata uani, kavua kofia. Nyumba yake ameuza. Dalali alimwambia aioshe ili bei ipande. Mnunuzi akaja, ukuta hata hakuutazama, akapima kiwanja kwa hatua, amegeuza mgongo. Atabomoa mwezi wa kumi aweke ghorofa nne. Elfu kumi na nne za kuosha kitu cha kubomoa. Lile shati lilikuwa la kwenda kwa mwanasheria. Anahamia kwa mwanawe Kibaha, na hakumwambia mtu kwa sababu ya aibu, na aliponiambia achana nayo alikuwa anamaanisha hivyo hivyo, niachane nayo. Nikamuuliza amepata ngapi. Akanitajia. Nikaona wivu mwingine kabisa, nikanywa maji.

Lakini bado sijui kwa nini alikuandikia rambirambi kabla yangu. Mama yako alinipenda. Alinipa jogoo mweupe siku ya posa, yeye hakupewa kitu. Nilipopata habari ya msiba sikujua niandike nini, nikaandika habari ya mlango. Nisamehe. Pole sana na msiba wa mama.

Dalali amekuja kwangu pia, ameona ukuta uko wazi akadhani nauza. Nimemwambia mwenyewe yuko Ndanda.

Manan alirudisha elfu kumi na tatu. Nilikataa kuzipokea, nikazipokea. Nilijaribu kuziba mwenyewe sehemu ya chini iliyochubuka karibu na mlango. Nilichimba udongo, nikatia maji, nikabandika. Ukaanguka. Nikabandika tena, ukaanguka tena, kuku wakaufukua. Wangu haushiki.

Mumeo,
Zakayo
aliyenunua misumari

*

Mwena, Ndanda
15 Agosti 1994

Baba Euphrasia,

Leo ni sikukuu. Nimetoka kanisani, barua yako ilikuwa inaningoja kwa padri, nikaisomea pale pale kwenye ngazi.

Napanda basi la tarehe ishirini na tano. Ukuta usiuzibe na usimlete fundi wa saruji. Udongo wa uani haufai, una mchanga, ndiyo maana unaanguka. Chukua ule mwekundu, mtu wa mkokoteni anauleta, mwambie wa Pugu. Uchambue mawe. Loweka siku tatu, usizidishe maji, tia majani makavu yaliyokatwakatwa, halafu kanyaga mpaka ukome kunata kwenye kisigino. Usikanyage na viatu. Nikifika uwe tayari, mimi nakandika, wewe unachota.

Juu ya dirisha nilipandia pipa ulilolileta kutoka bandarini. Lilikuwa na mafuta ya taa, nilinuka mwezi mzima. Hukuuliza.

Waridi abaki chumba cha nyuma.

Severa

*

Mchikichi
23 Agosti 1994

Mama Euphrasia,

Barua hii nampa dereva wa misheni, labda mtapishana njiani, lakini nimeona niandike.

Udongo umekuja mikokoteni sita. Nimeloweka tangu juzi, leo nimeanza kukanyaga, suruali nimekunja mpaka magotini, miguu bado ninayo, vijana wa Mtaa wa Kongo wamesimama wanatazama mzee anavyokanyaga. Hakuna anayekanyaga hivi Kariakoo yote. Visigino vinauma lakini hilo usimwambie mtu.

Alasiri hii kaja Benjamini. Kavua viatu, kaviweka barazani pamoja na soksi ndani yake, anasema atanisaidia kukanyaga, kazi ya Severa isicheleweshwe.

Nimemwambia avae viatu vyake.

Mumeo,
Zakayo Namangaya
Mkanyaga udongo